Lebo ya dawa isomwe rafuni
Katika bohari ya dawa, kosa la lebo humfikia mgonjwa. Katoni mbili za amoksilini zinafanana rangi, ujazo na jina. Kinachozitenganisha ni namba ya bechi na tarehe ya kuisha muda, maandishi madogo yaliyochapwa ubavuni. Mtunza stoo anayenakili kwenye daftari ili aje kuingiza kwenye kompyuta jioni anaweza kusoma 3 kuwa 8, au 05/06/27 akaichukulia 5 Juni wakati kiwanda kilimaanisha 6 Mei. Ndiyo maana naunga mkono kwa moyo wote programu ya ghala inayomfuata mfanyakazi hadi rafuni, ndani ya skana ya mkononi. Msimbo wa mraba wa mfumo wa GS1 humaliza ubishi: 01 hutangulia namba ya bidhaa yenye tarakimu 14, 10 hutangulia bechi, na 17 hutangulia tarehe, ukianza mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Skana ikisoma, mzigo unaingia kwenye hesabu papo hapo, na programu inaelekeza itoke kwanza dawa inayokaribia kuisha muda. Bechi ikitangazwa mbovu, zahanati zilizoipokea zinajulikana siku hiyo hiyo. Mtandao ukikatika, na hukatika, kifaa kihifadhi miamala na kuituma baadaye. Bila sharti hilo mkataba wa programu usisainiwe. Na katoni yenye lebo isiyosomeka itengwe, irudishwe kwa mgavi, hata kama mgavi huyo ni rafiki wa bosi.