Fundi, kava la chini umelipeleka wapi?

Leo nina ugomvi na mafundi wa magari. Sio wote, maana wapo ninaowaheshimu sana. Nawasema hawa wa "hii haina kazi bosi wangu". Hawa nimewachoka!

Unampelekea mtu RAV4 yako amwage oili. Anafungua kava la plastiki lililoko chini ya injini, anamwaga, anabadilisha filta, halafu anarudisha boliti tano kati ya kumi. Zile nyingine zimepotelea kwenye mchanga wa gereji. Safari ijayo anarudisha tatu. Siku kava linaanza kuburuza na kupiga kelele kama debe la harusi, anakukatia shauri: "Tulitoe tu, hii Wajapani waliweka kwa ajili ya barafu yao." Na wewe msomi mzima unacheka, unalipa, unaondoka na gari uchi.

Hivi kweli, mtu achonge kipande kwa vipimo, akitengenezee matundu ya boliti, akiwekee na kidirisha cha kumwagia oili, halafu kiwe hakina kazi?

Tatizo letu la kwanza ni kwamba tukiona gari limeinuka kidogo tunaliita la porini. Shangingi ni shangingi. Land Cruiser na Prado zimekaa juu ya chesisi, na chini zina bamba za chuma za kukinga injini isiliwe na mawe. Lakini RAV4 iliyotoka mwaka 1994, na Harrier iliyotoka mwaka 1997, zimejengwa kwa misingi ya magari madogo ya kawaida. Harrier ni ndugu wa Camry, msiidanganye! Chini yake kuna plastiki, na plastiki hiyo haikuwekwa ili upande nayo juu ya jiwe. Kazi yake ni kuzuia maji, matope na kokoto zisirukie mikanda, alteneta na soketi za nyaya. Kazi nyingine ni kuuongoza upepo.

Na hapo kwenye upepo ndipo mafundi wananichekesha. Eti ukilitoa kava injini inapata hewa na kupoa. Kwi kwi kwi! Redieta inapozwa na upepo unaoingia mbele ya gari na kupita katikati yake. Ili upite vizuri, nyuma ya redieta lazima pawe na mgandamizo mdogo kuliko mbele. Kava linasaidia hapo: upepo wa chini unapita kasi bila kupanda kwenye injini, na hewa ya moto inavutwa nyuma na kutoka. Ukilitoa, kwenye magari mengi upepo wa chini unajipenyeza na kushindana na ule unaotoka kwenye redieta. Kwenye foleni ya Ubungo hutaona tofauti, maana pale feni ndiyo inafanya kazi. Lakini shika njia ya Chalinze kwenda Segera saa nane mchana, gari limejaa watu na AC inawaka, halafu uangalie mshale wa joto. Mafuta nayo yanaliwa zaidi na kelele ya barabara inaongezeka.

Wenye Prado nao wasijione wamepona. Bamba la chuma likipinda kwa jiwe, fundi analitupa kwenye kona ya gereji. Jiwe la pili linakuta sampo. Oili ikimwagika njiani na dereva asione taa nyekundu, injini inanoki. Hapo unanunua injini kwa sababu ya bamba lililotolewa mchana kweupe na mtu uliyemlipa.

Kibaya kuliko kulitoa ni kulining'iniza. Nimeona makava yamefungwa kwa waya wa kuezekea, kwa kamba, hata kwa mpira wa baiskeli. Upepo wa barabara kuu ukiingia kwenye ukingo wake linakunjuka kama mwamvuli uliogeuzwa na dhoruba, linakatika, linaruka. Nyuma yako kuna bodaboda na abiria wake. Huyo hakuwepo gereji wakati mnakubaliana kuokoa pesa ya pini! Na likiegemea ekzosi linayeyuka. Likiwa limelowa oili linaweza kushika moto.

Halafu kuna wale wanaokimbilia upande wa pili, wanaochomelea bati nene la chuma chini ya gari lililoundwa kwa plastiki. Halina tundu la kutoa maji, halina tundu la oili, matope yanakaa humo yanakula chuma. Wengine wanachomelea bila hata kuchomoa betri, kompyuta ya gari ikifa wanasema ni "mambo ya umeme".

Kazi yenyewe wala si ngumu, ndiyo maana nakasirika. Nimezunguka Gerezani na Kariakoo, makava ya mtumba yapo. Nenda na namba ya chesisi, maana jina moja la gari lina matoleo mengi na matundu hayalingani. Nunua na boliti na pini zake. Hizo ni pesa ndogo, na ndizo zinazolishika. Gari likae kwenye stendi, sio jeki peke yake, na ekzosi iwe imepoa. Kabla hujafunga, futa na utazame kama kuna mahali oili inavuja, nafasi kama hiyo huipati kila siku. Vipande vipangwe kama mabati ya paa: ukingo wa mbele wa kila kipande ufunikwe na kilichotangulia, upepo usipate pa kuingilia. Mzigo wote ni spana namba 10 na uvumilivu.

Wenye haibridi, nyie msithubutu kuacha. Chini ya sakafu zinapita nyaya za rangi ya chungwa ambazo kwenye magari mengi zina umeme wa zaidi ya volti 200, na kinga zake zina sababu. Fundi asiyezijua asizishike.

Na madereva wenzangu tunaopenda kuvuka Jangwani Msimbazi ukifurika: maji yale ndiyo yanayong'oa makava. Ukitoka huko inama uchungulie. Usingoje kelele.

Gari likitoka gereji, hesabu boliti mbele ya fundi. Akikwambia gari lako lilikuja bila kava, muulize yale matundu kumi yaliyo wazi ni ya nini.