Nyeusi Isiyong'aa Sana

Je, wadhani nyeusi ni nyeusi tu? Nami nilidhani vivyo hivyo hadi Agosti moja nilipoliharibu gari la mpwa wangu kule Karatina.

Gari lenyewe ni la kuunganisha kwa vipande vya plastiki, kipimo cha 1/24. Ni mfano wa Datsun 240Z, lile ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishindia Safari Rally mwaka wa 1971. Shekhar Mehta na Lofty Drews walishinda tena kwa gari la aina hiyo mwaka wa 1973. Gari halisi lina urefu wa takriban mita 4.1, la kijana ni sentimita 17, sawa na penseli mpya. Alilijenga kwa majuma matatu ili ampe babu yake, ambaye enzi hizo alikuwa akisimama kando ya barabara kuyatazama magari ya Safari yakipita.

Kazi yangu ilikuwa moja tu: kupaka boneti rangi nyeusi. Nikanunua kopo la rangi ya kupuliza ya magari, ile ya kung'aa kama kiatu cha askari. Asubuhi na mapema, ukungu wa mlimani ukiwa bado umetanda, nikapuliza yote kwa mkupuo mmoja. Haraka haraka haina baraka! Rangi ilichuruzika, ikafanya weupe kama majivu, na palipopona pakang'aa kama kioo.

Mzee alipoliona alitikisa kichwa. "Boneti ya gari lile haikung'aa hivi," akasema. "Ingeng'aa, dereva angeonaje njia na jua lile?"

Naam, mzee alisema kweli. Boneti ile ilipakwa nyeusi ili jua lisimrudie dereva machoni. Ukiipaka rangi ya kung'aa, unaharibu maana yake.

Basi ukienda dukani, jua kwamba nyeusi ziko tatu. Ya kung'aa ifae bodi ya gari la kifahari. Isiyong'aa kabisa ifae magurudumu. Ya katikati, yenye mng'ao wa nusu, ndiyo inayofaa boneti kama hiyo, dashibodi, vipande vya kuzunguka vioo na sehemu za chini ya gari. Kwenye kitu kidogo mng'ao mkali hukifanya kionekane kichezeo. Ule wa nusu hukifanya kifanane na chuma. Kampuni ya Tamiya ya Japani huuza kopo la namna hiyo, TS-29, lililotengenezwa kwa ajili ya plastiki.

Ukikosa hiyo, rangi ya magari yaweza kufaa, lakini dawa iliyomo huweza kuila plastiki. Tanguliza rangi ya msingi, kisha jaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki. Kikilainika au kikijikunja, liache kopo hilo.

Kisha subiri hali ya hewa. Rangi inapokauka huupoza uso wa kitu. Hewa ikiwa na unyevu, maji huganda hapo na kuacha ule weupe. Katika miji ya Mlima Kenya, hasa miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti, ngoja jua la mchana. Tikisa kopo kwa dakika mbili, lishike sentimita 20 au 30 kutoka kwa gari, upulize tabaka jembamba, ungoje dakika 15, urudie. Matabaka matatu membamba hushinda moja zito. Fanyia kazi hiyo nje, mbali na jiko na watoto wadogo, na kamwe usipashe kopo moto juu ya makaa.

Sisi tuliisugua boneti kwa msasa laini wa maji, tukaanza upya saa nane mchana. Kijana alipuliza mwenyewe. Mimi nilishika saa tu.

Jioni mzee alilichukua gari, akaligeuzageuza mbele ya dirisha. Mwanga uliteleza juu ya boneti bila kumpiga machoni. Hakusema neno. Aliliweka juu ya redio yake, na hadi leo hakuna anayeruhusiwa kuligusa.