CHOZI ASIFUNGWE UZI

Ndugu wanaushirika, wageni wenye kamera wanakuja Mkolani kupiga picha chozi, wale ndege wadogo wa mdomo uliopinda wanaonyonya maua. Karibu waje. Lakini tunapinga kabisa mchezo wa vijana wetu kumnasa ndege, kumfunga uzi mguuni na kumweka kwenye ua ili mgeni apate picha haraka, eti kwa hela ya soda. Siyo kazi hiyo jamani!

Chozi hana haja ya kufungwa. Ua la mgomba alilolinyonya asubuhi atalirudia. Mgeni akae kimya hatua chache kando, jua liwe mgongoni kwake. Hili la jua tulishike sana. Yule dume wa kandokando ya Ziwa, mwenye utepe mwekundu kifuani na mkia mrefu, kijani chake king'aacho siyo rangi ya kupakwa, ni mwanga unaorudishwa na manyoya. Kivulini utamwona mweusi tu, na mgeni atadhani tumemdanganya.

Viota navyo viachwe, vile vifuko vinavyoning'inia vyenye mlango ubavuni. Jike ndiye anayeatamia. Akifukuzwafukuzwa, mayai yanapoa. (Naye masikini, kwa rangi yake ya vumbi, hakuna anayempiga picha!) Makinda hulishwa wadudu, tena wadudu wa mashamba yetu.

Anayeongoza wageni vizuri alipwe, tena kuzidi soda. Kiasi gani, mkutano wa chama uamue. Wazazi wa vijana wa uzi tunawajua, tutaonana hapo.