Masomo ya Usiku na Amani ya Nyumba

Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Hata hivyo, siku hizi wafanyakazi wengi wameamua kushika mbili: kazi ya mshahara mchana na masomo ya uzamili kwa intaneti usiku. Nia hiyo ni ya kusifiwa. Lakini yafaa tuulize mapema ni kipi kitakachoponyoka.

Tumfikirie muuguzi aishiye Lumino, wilayani Busia, kwenye barabara iendayo Majanji. Zamani shahada ya uzamili ingemlazimu aache kazi na kuhamia Kampala. Leo Chuo Kikuu cha Makerere kinayo shahada ya uzamili ya afya ya jamii kwa elimu ya masafa. Ng'ambo ya mpaka, Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati yake mwaka 2023, hufundisha kwa intaneti. Safari imepungua, saa za siku hazikuongezeka.

Na tuhesabu. Juma lina saa 168. Usingizi wa saa 7 kila usiku huchukua saa 49. Kazi pamoja na mwendo, tuseme 55. Zinabaki 64, nazo zina wenyewe: watoto, jiko, shamba, ibada na misiba. Masomo yakihitaji saa 15, lazima zitwaliwe mahali. Asiyepatana na watu wake huzitwaa katika usingizi wake, na mwishowe mgonjwa ndiye hudhurika, muuguzi anaposinzia akipima dawa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa karo, mume na mke waketi wapatane. Kipindi cha saa 2 usiku huangukia wakati wa chakula na wa kuwalaza watoto. Nani atapika siku hizo? Siku gani ya juma haitaguswa na masomo? Mkuu wa kazi naye aelezwe tarehe za mitihani mapema, ili zamu zipangike. Masomo yapakuliwe simuni mtandao unapokuwa mzuri, na simu ijazwe moto umeme ungalipo.

Akina baba, mkeo akiwa masomoni, kuosha vyombo hakukupunguzii heshima. Na wewe usomaye, usidhani kwamba ukimya wa mkeo ni ridhaa. Muulize, kisha umsikilize. Shahada itaandikwa jina moja, lakini wa nyumbani wote watakuwa wameichangia.