MBEGU YA BAHARI

Kila mkulima ajua ya kuwa mwenye kula mbegu yake mwaka huu hana budi kulala njaa mwaka ujao. Kanuni hii si ya shamba peke yake. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za samaki mmoja wa Afrika Kusini, ambaye wavuvi wake waliisahau.

Kwa Kiingereza huitwa Seventy-four, yaani Sabini na Nne. Husemwa ya kuwa mistari ya buluu iliyo ubavuni mwake iliwakumbusha mabaharia safu za mizinga katika manowari za zamani zilizochukua mizinga 74. Umbo lake lafanana kidogo na la changu wa pwani yetu, lakini aweza kufikia urefu wa mita moja. Makao yake ni bahari ya kutoka kusini ya Msumbiji hata Rasi, wala hapatikani penginepo duniani.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wavuvi wa mshipi wa Natal walimtegemea sana. Lakini samaki huyu ana tabia mbili zilizomponza. Kwanza, hakui upesi: hupata miaka kama 9 kabla ya kuanza kuzaa. Pili, majira ya kutaga mayai yafikapo, hukusanyika makundi makundi penye miamba ile ile. Wavuvi wakaijua miamba hiyo, wakaiendea majira hayo hayo. Vyombo vilirudi vimejaa, na watu wakadhani samaki wangali tele. Kumbe waliovuliwa ndio wazazi, waliotoka mbali ili wakutane. Bandu bandu huisha gogo: ilipofika miaka ya 1960, samaki wakaadimika.

Mwaka 1998 serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku kumvua. Hata hivyo wingi wa zamani haukurudi, na wataalamu wamemwandika miongoni mwa viumbe vilivyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kiumbe akomaaye polepole hupona polepole, ikiwa atapona.

Basi, karani ajua tofauti ya mtaji na faida, na mfugaji hamchinji mtamba mwenye mimba. Ndugu zetu wavuvi, wa pwani na wa ziwani, nao yawapasa kujiuliza, chombo kijaapo: je, hawa ni faida, au ni mtaji wenyewe?