Thumuni ya mama

Baba alipofariki aliacha parseli moja hapa Kalemie, mtumbwi wa injini na taa za kuvulia ndakala. Tuko watoto watano: wavulana wawili, wasichana watatu. Faraidhi yetu ilikuwa nyepesi. Deni na wasia vikishatoka, mali inakuwa mafungu manane: mama moja, kila binti moja, kila kaka mawili. Basi. Baba mdogo hana fungu, kwa kuwa marehemu ana watoto wa kiume. Lakini funguo za mali hiyo zimo mfukoni mwake.

Kaka zetu walitusomea aya ya mwanamume kupata mara mbili. Sikubisha, ni neno la Mungu. Ila thumuni ya mama imo katika sura hiyohiyo ya An-Nisaa, na mwaka wa pili huu mama ananunua kwa kopo ndakala waliovuliwa na mtumbwi wa mumewe.

Sheria ya familia ya Kongo ya 1987 inampa binti sawa na mvulana. Mahakamani ningepata zaidi. Sitaki zaidi, nataka langu. Na mashehe wetu, mkija kusoma hitima, msiinuke mkekani kabla hamjauliza mafungu yamefika kwa nani.