Neno la Mhariri: Baada ya Usiku wa Hafla

Aghalabu mji unapojiandaa kuadhimisha umri wake, wazee wake hukumbuka jengo fulani lililofungwa tangu zama za babu zao, wakaamuru lifunguliwe. Ufunguo ukatafutwa, utando wa buibui ukafagiliwa, viti vikaazimwa, na kwa usiku mmoja watu wakaketi walipoketi wahenga. Siudharau usiku kama huo. Ninalotaka kulitetea, katika kulifungua toleo hili la majumba ya maigizo, ni kwamba thamani yake hujulikana kwa yanayoufuata, na shahidi wangu ni jumba dogo mno la Richmond, katika Yorkshire, kaskazini ya Uingereza.

Lilijengwa mwaka 1788 na Samuel Butler, mwigizaji na mkuu wa kundi lake, aliyehamahama baina ya miji midogo na masanduku yake ya mavazi. Nao ni mwaka uleule Bunge lilipowapa mahakimu wa nje ya London idhini ya kutoa ruhusa ya maigizo, siku zisizozidi 60, hata kazi iliyokuwa ikifumbiwa macho ikawa halali. Mwaka 1848 jumba likafungwa. Hapo ndipo kisa kinaponivutia, kwani halikubomolewa: sehemu ya chini ya watazamaji ilijengewa matao ya kuwekea mvinyo, ikafunikwa sakafu, na juu yake pakawa mahali pa mnada, kisha bohari. Lau biashara ya michezo ingalistawi pale, kila kizazi kingalilipanua na kulipamba kwa dhana za wakati wake, wakaleta taa za gesi, kisha umeme, kisha viti vya mahameli, hata isibaki alama ya mkono wa fundi wa kwanza. Mwenye mvinyo, kinyume chake, alihitaji ubaridi na kufuli, na hakuwa na sababu ya kuigusa roshani.

Mwaka 1943, mji ulipotimiza miaka 850 tangu upewe haki zake, mlango ulifunguliwa na mchezo ukachezwa, katikati ya vita, wakati ambapo mwenye busara asingethubutu kuomba mbao kwa ajili ya anasa. Kisha? Miaka 17 ikapita kabla ya kuundwa amana ya kulisimamia jumba, na mitatu mingine kabla halijafunguliwa rasmi mwaka 1963. (Msomaji wetu atakumbuka kuwa mwaka huohuo Julius Nyerere alitutolea Shakespeare kwa Kiswahili katika tafsiri yake ya Julius Caesar; sidai uhusiano wowote, ila sadfa hiyo yanipendeza.)

Wako watakaosema kuwa miaka 20 baina ya hafla na ufufuo ni aibu ya mji. Mimi nauona muda huo kuwa ndio bei ya haki. Hafla hutaka maua, hotuba na mgeni wa heshima. Jumba lililo hai hutaka paa lisilovuja, daftari la hesabu linalosomeka, na watu wa kununua tikiti usiku wa mvua ambao haumhusu mtawala yeyote. Hayo hayapatikani kwa azimio la kamati, wala hayaanzi kabla watu hawajaingia ndani wakaona kwa macho yao walichokuwa wakipita mbele yake kila siku ya soko.

Jumba hilo linahifadhi pazia za mandhari zilizochorwa baina ya 1818 na 1836, kongwe kuliko zote zilizosalia Uingereza. Upande mmoja ni msitu. Upande wa pili, kwa kuwa kundi la kuhamahama haliwezi kubeba kila kitu, msanii alichora sebule. Nguo kuukuu, iliyofifia rangi, yenye picha mbele na nyuma: kamati yenye haraka ya kupokea wageni ingaliitupa uani pamoja na taka za kwanza.